Katheta na glavu kwa vijana wenye mzio wa lateksi: cha kununua na cha kuacha dukani Dodoma

Ipo katheta ya Foley, yaani mpira wa mkojo wa kukaa ndani wenye puto la kuushikilia usitoke, ya rangi ya njano iliyokolea ambayo hutaikosa kwenye maduka ya vifaa tiba, na pakiti yake mara nyingi ina maneno "silicone coated". Mzazi aliyeambiwa hospitali kwamba mwanawe atumie silikoni huyasoma maneno hayo, huifurahia bei, hulipa na kuondoka. Amenunua lateksi. Maana ya maandishi yale ni kwamba mpira wa asili umepakwa silikoni kwa juu ili uteleze na usishike uchafu haraka. Tabaka lenyewe ni jembamba na halimkingi mwenye mzio. Kwa asiye na mzio ni katheta nzuri tu, laini na ya bei nafuu. Kwa kijana mwenye jeraha la uti wa mgongo ambaye mwili wake umeshaanza kuukataa mpira wa asili, tunaipa sifuri.

Mzio huu unatokana na protini zilizomo kwenye utomvu wa mti wa mpira, Hevea brasiliensis. Mtu hazaliwi nao. Mwili huuzoea vibaya kwa kukutana na zile protini mara nyingi, hasa kupitia utando laini: njia ya mkojo, njia ya haja kubwa, tumbo lililofunguliwa kwa upasuaji. Kijana aliyevunjika mgongo kwa ajali ya bodaboda au kwa kuanguka kutoka juu ya mti anakutana nazo kote huko, siku baada ya siku, kwa miaka. Kadiri alivyoumia akiwa mdogo ndivyo miaka hiyo inavyokuwa mingi mbele yake. Waliozaliwa na mgongo wazi wana hatari kubwa kuliko kundi lingine lolote kwa sababu wameanza kufanyiwa upasuaji na kuwekewa katheta wakiwa wachanga, na ndiyo maana hushauriwa waepushwe na lateksi tangu siku ya kwanza, dalili ziwepo zisiwepo.

Kuna tatizo jingine linalofanana na hili, na watu huyachanganya. Vipele vinavyotokea siku moja au mbili baada ya kuvaa glavu, ngozi ikawa kavu na kupasuka, kwa kawaida husababishwa na kemikali zinazotumika kuukomaza mpira kiwandani. Vinasumbua lakini haviui. Mzio wa protini huja ndani ya dakika chache, mara nyingine saa moja: mabaka yaliyovimba, midomo na macho kujaa, mafua ya ghafla, kifua kubana na kupiga filimbi. Huo ndio unaoweza kuua. Mwenye tatizo la kemikali akihamia glavu za naitraili, mpira wa kiwandani usio na lateksi, anaweza kuendelea kupata vipele, maana baadhi ya naitraili hutengenezwa kwa kemikali zilezile. Akiona hivyo asikate tamaa na naitraili zote, ajaribu za kiwanda kingine.

Katheta

Silikoni halisi huandikwa "100% silicone" au "all silicone". Haina unjano. Ni nyeupe ya kupitisha mwanga, na mkojo unauona ukipita ndani. Usidanganywe na rangi ya kifuniko pale mwishoni, penye vali ya kujaza puto: kijani ni saizi ya Fr 14 (Fr, French, ni kipimo cha unene wa katheta), rangi ya chungwa ni 16, nyekundu ni 18, nyeupe ni 12. Rangi hiyo inataja unene tu. Katheta ya lateksi na ya silikoni za Fr 14 zote mbili zina kijani, na wapo wanaoamini kwamba "ile ya kijani" ndiyo salama.

Ubora wa silikoni hauishii kwenye mzio. Ukuta wake ni mwembamba kuliko wa lateksi, kwa hiyo kwa unene uleule wa nje tundu la ndani ni pana zaidi. Aliyekuwa akitumia Fr 16 ya njano mara nyingi anaweza kushuka hadi Fr 14 ya silikoni na mkojo ukatoka vilevile, huku njia ya mkojo ikipumzika. Hukaa muda mrefu pia: ya njano hubadilishwa kila wiki 4 hivi, silikoni huweza kufika wiki 12.

Hapo ndipo hesabu inapobadilika. Kwa mwaka ni katheta 13 za njano dhidi ya 4 au 5 za silikoni. Ikiwa bei ya silikoni moja haizidi mara tatu ya bei ya njano, unalipa sawa au pungufu, na nauli za kwenda kubadilisha zimepungua kutoka 13 hadi 4 au 5. Kwa anayetoka Kondoa au Mpwapwa, nauli peke yake inatosha kuamua. Hesabu hii huvunjika kwa mtu ambaye katheta yake huziba mapema kwa mchanga wa mkojo. Silikoni nayo huziba, na kama yako inaziba kila baada ya wiki tatu, hutafaidi zile wiki 12. Mtu wa namna hiyo amwone daktari achunguzwe mawe ya kibofu na maambukizi, badala ya kuendelea kununua katheta ghali na kuzitupa.

Kasoro ya silikoni iko kwenye puto. Maji hupenya ukuta wake taratibu na puto likasinyaa, hata katheta ikachomoka yenyewe usiku. Nesi anaweza kuvuta maji baada ya wiki mbili hivi, apime, kisha arudishe kiasi kamili kilichoandikwa kwenye vali, mara nyingi mL 10 kwa watu wazima na mL 3 hadi 5 kwa watoto. Akifanya hivyo, katheta ishikiliwe isitoke. Maji yawe yaliyotakaswa, yale ya kuchanganyia dawa za sindano. Drip ya chumvi haifai kwa puto, kwa sababu chumvi huganda kwenye kile kijia chembamba na siku ya kutoa puto linagoma kunywea. Hewa nayo haifai, hupotea haraka.

Siku ya kutoa, ugomvi mwingine: puto la silikoni likivutwa kwa nguvu kwa bomba la sindano hujikunja na kuacha pindo gumu kama kola ya shati, na hilo linakwaruza njia nzima. Chomeka bomba la mL 10 kwenye vali, liache maji yarudi yenyewe bila kuvuta, subiri nusu dakika au zaidi. Maji yakishatoka yote, rudisha nusu mL hadi mL 1 ili pindo lijinyooshe, halafu toa katheta polepole. Kwa kijana asiye na hisia hii ni muhimu zaidi, kwa kuwa hatasema "naumia". Utajua umemkwaruza baadaye, ukiona damu.

Pamoja na sifa zote hizo, silikoni siyo chaguo letu la kwanza. Alama ya juu tunaipa katheta nyembamba ya plastiki, Nelaton ya PVC, ile isiyo na puto, inayoingizwa kutoa mkojo na kutolewa papo hapo. PVC haina mpira wa asili. Ni katheta ya bei ndogo kabisa kwenye rafu, na ndiyo inayofaa vijana wengi wenye jeraha la uti wa mgongo ambao mikono yao inafanya kazi, au wenye mtu wa kuwasaidia. Kutoa mkojo kwa vipindi huleta maambukizi machache kuliko kukaa na katheta ya kudumu, na kibofu hujaa na kuisha kama kawaida yake. Wazazi hudhani kukwepa lateksi ni mambo ya wenye pesa. Kwa upande wa katheta, jawabu zuri ndilo rahisi.

Angalizo moja: Nelaton ni jina la umbo. Zipo zilizotengenezwa kwa mpira mwekundu, na hizo ni lateksi. Taka ya plastiki inayoonekana ndani, pakiti iwe na neno PVC.

Mtu mzima hutumia Fr 12 au 14, mtoto Fr 6 hadi 10 kulingana na umri. Urefu wa cm 40 ni kwa wanaume. Wasichana wanatosheka na cm 20, ingawa aliye kwenye kiti mwendo huweza kupendelea ndefu ili mkojo ufike chooni bila kuhama kiti. Kila saa 4 hadi 6, yaani mara 4 hadi 6 kwa siku. Mtu mzima asiruhusu kibofu kuvuka mL 500. Ukipima ukakuta mL 700, ongeza mara za kutoa au angalia unakunywa nini jioni. Kwa mtoto, jumlisha 2 kwenye umri wake kisha zidisha kwa 30: wa miaka 8 anabeba kama mL 300.

Kilainishi kiwe cha maji. Mafuta ya mgando yaache, hayaoshiki vizuri na hubeba uchafu kuingia ndani. Mwanaume anahitaji mL 5 hadi 10, kingi kikiingia kwenye njia yenyewe, siyo kupakwa kwenye ncha tu. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Dodoma inapouma, PVC hukakamaa. Ishikilie ikiwa ndani ya pakiti kwenye viganja au ndani ya koti dakika chache, italainika. Oktoba tatizo hugeuka: begi lililoachwa ndani ya gari juani hutoa katheta tepetepe inayojikunja njiani.

Pakiti inasema ya matumizi ya mara moja, na mwenye uwezo afuate hivyo. Ni 120 hadi 180 kwa siku 30, kwa hiyo watu wengi huziosha. Wanaoosha, waioshe mara tu baada ya kutumia: maji yanayotiririka nje, maji ya sabuni yakisukumwa ndani kwa bomba la sindano, suuza hadi povu liishe, tikisa, anika kwenye kitambaa safi mahali pasipo vumbi, kisha hifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Maji ya visima vya huku yenye chumvi yanakauka na kuacha ukungu mweupe ndani ya katheta, kwa hiyo suuza ya mwisho iwe kwa maji ya kunywa yaliyochemshwa yakapoa. Usiichemshe PVC yenyewe, itapinda. Ikikakamaa, ikibadilika rangi au ikiwa na mikwaruzo, tupa. Kila mtu na zake. Kuchangia katheta ni marufuku.

Glavu

Kwenye glavu ndiko watu wanakoanguka. Familia inajibana kununua katheta salama, halafu kila asubuhi mama anamsaidia kijana kupata choo akiwa amevaa glavu ya lateksi yenye unga. Kidole kinazungushwa kwenye njia ya haja kubwa dakika kadhaa, kila siku au kila baada ya siku moja. Utando wa pale hunyonya protini vizuri sana. Mwaka 1991 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwa hospitali baada ya wagonjwa kufa kwa mshtuko wa mzio wakati wa kipimo cha utumbo, na chanzo kilikuwa puto la lateksi kwenye ncha ya bomba lililoingizwa njia hiyohiyo.

Unga nao ni tatizo la peke yake. Ni wanga wa mahindi, hauna ubaya wenyewe, ila hunasa protini za lateksi na kuruka nazo hewani glavu inapovuliwa kwa kishindo. Mwenye mzio anaweza kubanwa kifua bila kuguswa, kwa sababu tu nesi wa kitanda cha pili amevua glavu. FDA ilipiga marufuku glavu za unga za hospitali kuanzia Januari 2017. Kwetu bado ziko sokoni.

Lakini "powder free" haina maana kwamba hakuna lateksi. Inasema unga tu. Na neno "hypoallergenic" liruke kabisa: FDA ilishaamua tangu sheria yake ya lebo ya mwaka 1997 kwamba lisitumike kwenye vifaa vyenye mpira wa asili, maana lilikuwa linawapa watu imani isiyo na msingi. Maandishi yanayofaa ni "not made with natural rubber latex". Yanayokutahadharisha ni "contains natural rubber latex", au alama yenye neno LATEX isiyokatwa mstari.

Naitraili ndiyo tunayoipendekeza. Haipasuki ovyo, inavumilia mafuta, na boksi la 100 kwa anayetumia glavu mbili kwa siku ni siku 50. Nyingi ni za bluu au nyeusi, lakini zipo lateksi za bluu pia, hivyo rangi isikupe uhakika. Vainili ni ya bei ya chini na haina lateksi. Inafaa kumwaga mfuko wa mkojo au kubadilisha nepi. Kwa choo hatuipendekezi, inalegea kidoleni na kuchanika kwenye kucha. Kuhusu saizi, msaidizi mwenye mkono wa wastani achukue M. Glavu kubwa hukunjamana kwenye ncha ya kidole, na yale makunyanzi hukwaruza.

Tatizo la Dodoma, na nchi nzima kwa kweli, ni kwamba maduka mengi huuza glavu pea moja moja, zikiwa zimetolewa boksini na kufungwa kwenye mfuko wa nailoni. Pea ya namna hiyo haina lebo. Muuzaji anaweza kukuhakikishia kwa nia njema kabisa na akakosea. Mwambie: "Naomba nilione boksi lenyewe." Akisema limetupwa, nenda duka linalofuata. Mwenye mzio aliyethibitika anunue boksi zima lililofungwa, basi.

Na ukiomba "mpira wa mkojo" bila kueleza zaidi, utapewa ule wa njano. Ndio unaotoka haraka. Taja malighafi, saizi na kama una puto au hauna: "Nelaton ya PVC, Fr 12, ya kiume." Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na ukague kingo za pakiti kama zimefunguka. Katheta ya silikoni mara nyingi huagizwa, kwa hiyo agiza ya akiba ile iliyopo ikiwa bado na wiki nne. Kununua siku imeziba ndiko kunakomrudisha mtu kwenye ya njano.

Vidogo vinavyosahaulika: mfuko wa mkojo wa lita 2 kwa kawaida ni PVC na hauna shida. Ule wa kufunga mguuni huja na mikanda ya mpira, na mikanda hiyo hugusa ngozi mchana kutwa. Ibadilishe kwa mikanda ya kitambaa, fundi cherehani anaishona kwa muda mfupi. Kondomu katheta za kiume, zile zinazovaliwa uumeni kama kondomu na kuunganishwa na mfuko wa mkojo, za bei ya chini ni za lateksi, tena zinafunika ngozi ambayo mhusika haihisi. Za silikoni zipo, zinaonyesha ngozi iliyo chini, na uzuri ni kwamba unaona wekundu kabla haujawa kidonda. Upimwe mzunguko kabla ya kununua. Iliyo ndogo hunyonga, iliyo kubwa huvuja.

Mwili usiohisi unapopata mzio

Mtu wa kawaida akishikwa na mzio anawashwa, anajikuna, anajua. Kijana aliyeumia mgongo hawashwi kuanzia pale jeraha lilipo kwenda chini. Mabaka yanaweza kujaa mapajani na kwenye kinena asijue lolote. Kwa hiyo baada ya kila katheta mpya au glavu za aina mpya, aangaliwe kwa macho: kinena, mapaja, matako, kwa mwanga mzuri, ndani ya dakika 30. Anayejihudumia atumie kioo cha mkono. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Pitisha kiganja utafute uvimbe na joto.

Walioumia kuanzia pingili ya sita ya kifua, T6, kwenda juu wana jambo jingine la kulitofautisha na hili. Kibofu kikijaa au katheta ikijikunja, presha yao hupanda ghafla: kichwa kinagonga, uso unajaa damu na kutoa jasho, mapigo ya moyo yanaweza kushuka. Mshtuko wa mzio huja na midomo kuvimba, kifua kupiga filimbi, mabaka, na presha kushuka. Yote mawili yanaweza kutokea dakika tano baada ya kuwekewa katheta, na hatua zake zinapingana. Presha ikipanda, mkalishe wima, shusha miguu, legeza nguo na mikanda, fungua katheta iliyojikunja. Presha ikishuka kwa mzio, mlaze na uinue miguu, isipokuwa kama anashindwa kupumua akilala. Chukua presha kabla ya kuamua, na ujue presha yake ya kawaida. Wengi wa walioumia juu huishi na 90 au 100 ya juu, kwa hiyo 140 kwao ni hatari hata kama kwa mwingine ni ya kupuuzwa.

Kwa mshtuko wa mzio dawa ni adrenalini, ile ya 1 mg kwenye mL 1, ichomwe kwenye msuli upande wa nje wa paja: 0.01 mg kwa kila kilo. Kijana wa kilo 30 hupata 0.3 mL, mtu mzima asizidishe 0.5 mL. Isipotosha hurudiwa baada ya dakika 5. Piriton na hydrocortisone vinafuata baadaye, haviwezi kuchukua nafasi yake, na kumeza Piriton kabla ya kuwekewa katheta ya lateksi hakumkingi mtu. Katheta yenye lateksi itolewe mara moja, na anayeitoa asiwe na glavu ya lateksi mkononi. Ni jambo la kusikitisha kulisema, lakini kwenye haraka ndilo linalosahaulika.

Kabla ya kwenda hospitali

Iwe zahanati ya kijijini, hospitali ya rufaa ya mkoa, Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma, au taasisi ya mifupa ya MOI kule Muhimbili, Dar es Salaam, mwenye mzio abebe vyake. Mfuko uwe na katheta mbili za aina anayotumia, pea kumi za naitraili kwenye pakiti yenye lebo, bomba la mL 10, kilainishi na kadi iliyoandikwa kwa herufi kubwa MZIO WA LATEKSI. Mambo ya kusema yanatosha sentensi mbili: "Sista, nina mzio wa mpira wa asili, glavu hizo zinaniletea shida ya kupumua. Naomba utumie hizi zangu." Hakuna nesi atakayekasirika akiambiwa mapema. Ugomvi huanza akishavaa.

Ule mpira wa kufungia mkono wakati wa kutoa damu ufungwe juu ya shati, na kitambaa cha kipimo cha presha kikae juu ya mkono wa nguo. Ni ufumbuzi wa bure. Kwa upasuaji, mwenye mzio aombe awe wa kwanza asubuhi, wakati hewa ya chumba haijajaa unga wa glavu za waliotangulia, na daktari wa usingizi aambiwe siku moja kabla ili zitafutwe glavu za upasuaji za polisoprini au niopreni. Zote mbili hutengenezwa kiwandani, hazina protini za mti. Kifaa kilichomletea mtu madhara huripotiwa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na pakiti yake itunzwe kwa sababu ya namba ya toleo. Bila namba hiyo ripoti haina pa kushika.

Chakula kina sehemu yake. Baadhi ya protini za matunda zinafanana na za lateksi, na wenye mzio huu wengine hupata muwasho mdomoni wakila ndizi au parachichi, mara chache zaidi papai, embe, pasheni au nyanya. Zabibu zetu haziko kwenye orodha ya wanaolaumiwa sana. Aache tunda linalomsumbua, siyo matunda yote. Kijana mwenye choo kigumu anayahitaji.

Kwenye mazoezi ya viungo, bendi za kuvuta zenye rangi nyingi ni lateksi isipokuwa zimeandikwa vinginevyo. Wengi huku hutumia tubu ya pikipiki iliyokatwa. Tubu inaweza kuwa ya butili au ya mpira wa asili, na haina lebo. Mpira mkavu wa tubu na matairi hutoa protini kidogo kuliko vitu vya kuchovya kama glavu na maputo, kwa hiyo matairi ya kiti mwendo si wa kwanza kulaumiwa. Maputo ya mahafali ndiyo hasa ya kuhofia, kwa kuwa yakipasuka hurusha chembe usoni.

Halafu kondomu, ambazo mashauri ya wodini huziruka kwa sababu mgonjwa yuko kwenye kiti mwendo. Nyingi ni lateksi, na zinamhusu msichana mwenye mzio hata kama aliyeivaa ni mwenzake. Za poliyurethani na polisoprini zinakinga na hazina protini za mpira. Kondomu ya kike ya FC2 ni naitraili. Zile za utumbo wa kondoo hazizuii virusi vya UKIMWI, zisinunuliwe kwa kazi hiyo.